Chupa ya Baba Niliyoijaza Njugu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Hapa Sindo sina wa kumwambia, maana wote watasema nilifanya vyema.

Baba yangu alisoma Uskoti ujanani, akafanya kibarua katika kiwanda cha wiski. Kiwanda kilipofungwa, kila mfanyakazi alipewa chupa moja kutoka pipa la mwisho. Yake alirudi nayo nyumbani, ikakaa juu ya kabati maisha yangu yote. Hakuinywa.

Miaka ya karibuni alianza kusahau. Alisahau jina la marehemu mama, kisha langu. Lakini kila jioni alishusha chupa ile, akafungua kizibo, akanusa, na hapo alirudi mzima. Alikuwa akisimulia walivyokausha shayiri kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, na jinsi mwanzilishi wa kiwanda alivyokataa kubadilisha mitungi yake ya shaba ya kuchemshia pombe hata ilipobonyea, akihofia wiski itapoteza ladha. Akimaliza alinitazama, akaniita kwa Kijaluo: "Nyara, binti yangu, umekula?"

Mimi ni Msabato niliyebatizwa juzi tu. Nilichoona mimi ni pombe ndani ya nyumba. Mchana mmoja akiwa amelala, niliimwaga nyuma ya choo. Chupa nikaiosha kwa sabuni, nikaijaza njugu za kuuza sokoni, kama tunavyofanya wauza njugu na chupa zote tupu za wiski. Nilijiona mtakatifu, Mungu anisamehe!

Jioni aliitambua kati ya zile nyingine mezani. Akafungua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akanigeukia kwa adabu ya mtu mbele ya mgeni.

"Mama, hii njugu unauza pesa ngapi?"

Kaka yangu wa Migori aliposikia alifoka kwamba chupa za kiwanda kile zimebaki chache mno duniani, matajiri wanazifungia kama dhahabu. Hilo halikuniuma. Nilienda Homa Bay, mimi Msabato, nikanunua wiski na kuificha ndani ya leso niliyojifunga. Baba alinusa, akanirudishia, akasema asante.

Nimelia hadi nimechoka. Wewe mwenye mzee nyumbani, kabla hujatupa kitu chake, kaa naye umuulize kinamsaidia nini. Mimi nilikuwa na kila jioni ya kumuuliza, na sikuuliza.

Jana aliniuliza tena njugu ni pesa ngapi. Nikamtajia bei.