Kigoda Kilichopigwa Vanishi

Makumbusho yetu hapa Kasulu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili na mchwa wasiohesabika. Mimi ni mwalimu wa historia, nimeletwa huku kwa barua ya uhamisho, na jukumu la kukitunza nilipewa kwa kosa la kuuliza ni la nani.

Bibi mmoja wa Heru Juu alituazima kigoda cha marehemu baba yake. Kilikuwa cheusi kwa moshi, ukingo mmoja umeungua, katikati pamebonyea kwa kukaliwa. Alinishika mkono akasema, “Mwalimu, picha yake sina. Nina hiki tu.” Nikabandika karatasi ukutani, USIGUSE, nikajiona mtaalamu.

Halafu ikaja taarifa ya mgeni rasmi. Jamani, sisi tukisikia mgeni rasmi hatutulii. Mawe yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa, ukisimama vibaya unapakwa na wewe. Siku hizo nilikuwa Buhigwe kwenye semina ya kutunza vitu vya kale, usinicheke. Niliporudi, kamati ya makumbusho ilinipokea kwa tabasamu. Walikuwa wamekipiga kigoda msasa na vanishi, tabaka mbili.

“Kilikuwa kichafu, mwalimu,” mwenyekiti alinieleza kwa upole. “Tungeaibika.”

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Wangekuwa wavivu tungepona! Na karatasi yangu waliiheshimu kabisa: waliwazuia wanafunzi wasiguse mpaka vanishi ikauke. Onyo lilikuwa la wageni. Sisi wenyewe hakuna aliyetuonya, na wa kutuonya nilikuwa mimi.

Mgeni rasmi hakuja. Alituma mwakilishi, akasimama mlangoni akiongea na simu, akaondoka.

Aliyekuja ni bibi, kwa bodaboda, amevaa kitenge kipya. “Mwakeye,” akasalimia, akakipita kile kigoda, akaangalia vyungu, akaangalia mikuki, akanirudia.

“Mwalimu, cha baba mmekiweka wapi?”

Nikamwonyesha. Alikiinua, akapitisha kidole kwenye ukingo, akakinusa. Kilinuka duka la rangi.

“Mmekiuza?”

“Hapana, bibi. Ni hiki hiki. Tulikisugua tu, tukakipaka.”

Akakirudisha mezani taratibu, akajifuta viganja kwenye kitenge.

“Heri mngekiuza,” akasema. “Ningejua kipo mahali.”