Mama Fua Asiyetumia Maji

Kabla hujaniambia kwamba nilikuwa nimechoka, nakubali: nilikuwa nimechoka. Lakini uchovu hauoshi sufuria. Mimi ni mtu wa kudai ushahidi. Nyumbani Vihiga, mwalimu wa Sunday school alinihamishia benchi la nyuma kwa sababu ya maswali, na chuo kikuu kikanipa maswali mengine. Sasa ninao ushahidi wangu mwenyewe, na ningeshukuru sana kama mtu angeniondolea.

Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, chumba kimoja, ghorofa ya pili, Kitengela upande wa machimbo ya mawe, ambako vumbi jeupe huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo na kuandika kila neno walilosema. Kompyuta ilikuwa na programu ya kunichunga. Nikiacha kuandika kwa dakika tano, alama ya kijani pembeni mwa skrini inageuka nyekundu, na msimamizi ambaye sijawahi kumwona anajulishwa. Nilikuwa nimepewa onyo mara mbili. Onyo la tatu ni kufungiwa akaunti, na huko nyumbani mama alikuwa ameshawaambia majirani kwamba hatimaye mtoto wake ana kazi.

Basi nikaacha kuinuka. Unajua wanavyoshauri: amka mapema, vaa kama unaenda ofisini, tandika kitanda. Nilijaribu wiki moja. Kisha nikaanza kuhesabu. Kutandika kitanda, dakika mbili. Kuosha vyombo, kumi na mbili, maana maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, na yenyewe hufunguliwa mara mbili tu kwa wiki. Nikawa nalala na nguo nilizofanyia kazi. Sufuria ya ugali ikaota manyoya ya kijani. Ukosi wa shati langu uling'aa kwa mafuta ya shingo. Nilinuka, na nilijua ninanuka.

Jumanne moja saa nne asubuhi, karibu wapangaji wote wa ploti wakiwa wameenda kazini Nairobi, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mama wa makamo, leso kiunoni.

"Kuna nguo za kufua, kijana wangu?"

Kina mama wa aina hiyo hupita mlango kwa mlango kila siku, hakuna ajabu. Ila huyu hakuwa na ndoo wala sabuni, na midomo yake ilikuwa imelowa.

"Maji hakuna, mama. Labda Alhamisi."

"Maji ni ya nini? Wewe si uko na kazi? Endelea na kazi yako."

"Na sina pesa mpaka mwisho wa mwezi."

"Kwani nimekuuliza pesa?"

Ilibaki dakika moja alama igeuke. Nikampisha, nikavaa hedifoni, nikampa mgongo.

Kufika saa saba sahani zilikuwa zinametameta. Shati lilikuwa jeupe kuliko siku niliyolinunua. Mtungi wangu wa lita ishirini ulikuwa bado umejaa, vumbi juu ya kifuniko halijaguswa. Je, nilijiuliza? Nilijiuliza. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeandika kuliko siku yoyote tangu nianze, na msimamizi alinitumia alama ya kidole gumba. Niliacha kujiuliza.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya pili, chaji ya hedifoni iliisha katikati ya mkutano, nikasikia kitu nyuma yangu. Ilikuwa sauti ya ng'ombe anayelamba jiwe la chumvi.

Niligeuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, mapajani ile sufuria ya ugali, kumbe alikuwa ameiweka akiba. Ulimi wake ulikuwa wa kijivu, mpana kama kiganja, na ulifika chini ya sufuria bila yeye kuinamisha kichwa. Uliondoa ule ukungu kwa mzunguko mmoja. Kisha akachukua soksi yangu, akaitia mdomoni upande wa vidole, akaifyonza kama mtu anayefyonza mfupa wa supu.

"Hii ni ya wiki mbili," akasema bila aibu. "Hizi ndizo tamu."

Na unajua nilifanya nini? Niliangalia skrini. Nikageuka, nikaendelea kuandika. Niamini, ulimi ule haunichefui kama hilo linavyonichefua.

Nilijitafutia maelezo, kwa hayo sikosi. Kuna watu wenye ugonjwa wa kula udongo na chaki; huyu ni mmoja wao, nikasema. Nikala kwenye sahani zile.

Jumamosi, kwenye foleni ya maji, Mama Brayo wa chumba cha chini akanipaazia sauti. "Wewe wa kompyuta! Ni wewe unaingiza yule mama kwako?"

"Anafua vizuri."

"Ati anafua! Kwangu nilimwonyesha nepi za mtoto, akameza mate. Mate! Nilimfukuza na mwiko. Ploti nzima tulimkataa, tukabakisha wewe na digrii yako."

Foleni yote ikacheka. Nikacheka nao.

Jumatatu nilipewa mkutano mrefu wa kumaliza kuuandika kabla ya saa kumi alasiri. Nilikuwa nakula chapati na maharagwe huku naandika, na vidole vilianza kuteleza kwenye vibonye kwa mafuta.

"Leta mkono," akasema nyuma yangu.

Sikumwangalia. Niliuteremsha mkono wa kulia kando ya kiti, kama mtu anayepakwa rangi ya kucha, nikaendelea kuandika na wa kushoto. Ulimi ulikuwa wa moto, unakwaruza kama msasa. Alienda kidole kwa kidole, hadi chini ya kucha. Kisha nikabadilisha, nikampa wa kushoto. Nilimaliza kazi dakika tisa kabla ya wakati.

Nilipotazama chini, shavu lake lilikuwa limelala kwenye goti langu, macho amefumba, ganda la haragwe kidevuni. "Kesho nitafika shingoni," akanong'ona.

Niliinuka. Nilichukua mtungi nikaumwaga wote: sakafuni, kwenye vyombo, kwenye nguo, kichwani pangu. Nikajisugua na sabuni ya kipande mpaka ngozi ikauma. Yeye akajibana ukutani, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kama paka.

"Na kazi yako? Inageuka nyekundu, ona."

"Toka."

"Nani atakuoshea?"

"Toka, mama!" Hata wakati ule nilimwita mama.

Aliondoka taratibu, nikisikia kandambili zake zikishuka ngazi. Mkutano mwingine ulikuwa umeshaingia kwenye kompyuta ukinisubiri, nami niliketi kwenye maji nikilia. Kabla ya jioni akaunti ilikuwa imefungwa.

Sasa nimepata kazi ya stoo Kajiado mjini. Wafanyakazi huingia kwa kubonyeza kidole kwenye mashine. Siku ya kwanza karani alipangusa kioo mara tatu, akajaribu vidole vyangu vyote kumi. "Bro, ni kama unaweka kijiko," akasema. Vidole ni laini kabisa, hakuna mstari hata mmoja. Daktari aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya simiti au machimboni, zile zinazofuta alama za vidole, nikamwambia hapana, akaandika simiti. Simlaumu. Hata mimi ningeandika simiti. Kila asubuhi wenzangu wanabonyeza na kupita, mimi nasimama kando nikisubiri kuandikwa kwenye kitabu, na kabla ya kula chochote naosha sahani iliyokwisha kuoshwa.

Mama Brayo anasema amemwona tena, kwenye ploti mpya zinazojengwa nyuma ya machimbo. Kwa hiyo wewe unayefanyia kazi nyumbani, ikigeuka nyekundu iache iwe nyekundu. Inuka uoshe sahani yako. Usipime harufu yako kwa pua yako mwenyewe, imeshazoea. Na ukisikia hodi saa nne asubuhi, ukamkuta mama asiye na ndoo, usidhani amebahatisha mlango. Amekunusa kutoka barabarani.