Pikipiki Isiyovuka Mfereji

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita huku kwetu, aliolewa Nyakabere, ng'ambo ya mfereji wa mashamba ya mpunga, nami nikaolewa upande huu. Kwa miaka mingi mfereji huo haukuwa kitu. Tulivuka daraja kuombana chumvi. Kisha ukaja mradi wa afya, na wenye mradi, waliopanga mambo yao wakiwa wameketi mjini Uvira, wakapitisha mpaka wao palepale kwenye maji. Upande wa yaya, wajawazito na watoto wadogo wakatibiwa bure, tena ikaletwa pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma. Sisi tukabaki na kipoyi, machela ya mianzi tunayobebea wagonjwa kwa zamu. Nyumba isiyotoa bega haibebewi mgonjwa wake.

Niseme wazi, roho iliniuma. Yaya alipenda kunisimulia jinsi pikipiki ile inavyopita kwenye matope na jinsi kitanda chake kilivyo laini, yeye ambaye hajawahi kukilalia. Hakujaliwa mtoto. Nadhani alilitazama tumbo langu kama nilivyoitazama pikipiki yake, lakini wakati huo sikumwonea huruma hata kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nilijisemea, nikaenda zangu kupalilia.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeishia njiani, juu ya mianzi, mvua ikiwa imewachelewesha wabebaji. Kwa hiyo uchungu uliponishika asubuhi ile, mume wangu alimpigia yaya simu kwanza, ndipo akawaita wanaume wa kipoyi.

Kilichofuata asingekithubutu mwingine. Yaya alijifunga vitenge tumboni, akajilaza mlangoni pake akilia. Majirani zake wakamwita dereva, kijana aliyetoka mjini juzi tu, huku wakibana vicheko. Walipofika darajani yaya akamwomba dereva asimame kidogo apumue. Mimi nilikuwa nimeshafikishwa hapo, nimeuma upindo wa kitenge. Yaya akateremka, akavifungua vitenge vyake, akanifunika navyo.

"Miye tumbo imeshapoa," alimwambia dereva. "Mwenye kuzaa iko huyu. Peleka."

Dereva akasema aliambiwa asivuke daraja. Yaya akamjibu kwamba hajavuka, lililovuka ni tumbo. Kijana akatutazama, akacheka, akawasha.

Kitanda kilikuwa laini kweli. Hata hilo liliniudhi.

Hospitalini nilipokelewa kwa jina la yaya, nikaitika. Nilimzaa mwanangu akiwa mzima, akilia kwa nguvu, bila mtu kuniomba hata sabuni. Ila alizaliwa akiwa mtoto wa Nyakabere. Tangu hapo akipata homa, anayempeleka kwenye kituo cha kule ni yaya, nami nafuata nyuma na beseni la nguo. Majirani wanajua na wanatutunzia siri. Wauguzi huletwa na kuhamishwa, hawajui. Wenye mradi wanasema siku moja mpaka utaondolewa na kila mtu atatibiwa popote. Siku hiyo naingoja kwa hamu, na tena naiogopa, maana sijui kama yaya atakubali kunirudishia nafasi yangu. Anampenda mno. Anajua wimbo unaomlaza, na hakujifunza kwangu.

Wiki iliyopita mwili wa mtoto ulichemka, tukaenda. Muuguzi mpya akauliza mama wa mtoto ni nani. Nilijiinua kidogo kwenye benchi, nikakumbuka, nikakaa. Yaya alikuwa ameshasimama, mtoto begani. Mtoto alipoiona sindano akaninyooshea mimi mikono, akalia akiniita mama mbele ya watu wote. Muuguzi akageuka kunitazama. Yaya akamgeuza mtoto uso, akampapasa mgongo polepole.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Mama mudogo yako iko pale."

Mtoto hakunyamaza. Nilinyamaza mimi.