Unatoka Wapi, Unakwenda Wapi

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na sita skuli ilipomtaka atafute mtu aliyetawaliwa na makomunisti. Hivyo hasa ndivyo alivyoniambia, jikoni, tumeshafuturu, huku anatafuna karanga nilizoziweka za kashata. Mwalimu wake wa historia aliwagawia wanafunzi nchi za Ulaya ya Mashariki, zile ambazo Mrusi alizishika baada ya vita vikuu akaziwekea serikali anazozitaka yeye, zikawa zinamzunguka kama vifaranga na kuku. Mmoja kapewa Polandi, mwengine Hungaria, yeye kapewa Ujerumani ya Mashariki. Kusoma vitabu peke yake haitoshi. Kila mmoja amtafute mtu aliye hai aliyeishi huko, akae naye, amsikilize, aandike. Asiyempata mtu, darasa la juu la historia mwaka unaofuata asahau. Na mjukuu wangu alilitaka darasa lile kama watoto wengine wanavyotaka viatu.

"Mtu mwenyewe tunaye," nikamwambia. "Si yule bibi wa mlango wa pili?"

Tulikuwa tunakaa Rockville, huku Marekani, nyuma ya barabara kubwa ya maduka, ghorofa ya pili: mie, binti yangu aliyekuwa akiwaogesha na kuwageuza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mjukuu. Bibi wa mlango wa pili alikuwa Mjerumani wa upande huo huo. Ukuta wao ulipoanguka, mwanawe alimleta huku, akampangishia, akawa anakuja kumtazama Jumapili. Mrefu, mkavu, koti la kijivu, nywele kazikata mwenyewe kwa mkasi, ukizitazama unajua.

"Nishamuuliza," mjukuu akasema. "Kakataa." Yeye hunijibu kwa Kingereza, mie namsemesha kwa Kiswahili, na hatujawahi kukosana kwa hilo. Hukosana kwa mengine.

"Umemuuliza vipi?"

"Nimegonga mlango, nikamweleza ninachotaka."

"Mkono mtupu?"

Akajitilia karanga nyingine mdomoni.

"Umekwenda kwa mtu mzima mkono mtupu, hujamuuliza hali, hujamuuliza watoto, unataka akupe maisha yake? Niachie mie."

Ilikuwa Ramadhani, na barafu nje. Nikapika mkate wa kumimina, ule wenye hiliki, nikampelekea bibi yule kipande kikubwa kwenye sahani yangu ya maua. Kwetu Unguja sahani ya jirani hairudi tupu. Ukipelekewa, na wewe unatia chochote, hata ndimu mbili, unarudisha. Basi huo ndio mlango wa ujirani.

Na mie nikaanza kumjulia hali. Kingereza changu nilikiokota dukani na kwenye basi, lakini "unatoka wapi" na "unakwenda wapi" nilikuwa nayo barabara. Kiti changu nilikuwa nakiweka ukumbini chini, karibu na masanduku ya barua, maana kule juu nilikuwa nazungumza na friji. Akipita tu, namwamkia. Umeamkaje? Unakwenda wapi na baridi hii? Yule kijana wa jana aliyekuja na gari nyekundu, ni jamaa yako? Mbona mwanao hakuja Jumapili, mzima? Binadamu anayekupita bila ya kukuuliza hivyo, kwetu ana kinyongo na wewe.

Sahani yangu niliikuta chini, kwenye zulia la mlango wetu. Mkate juu yake mzima, haukumegwa hata pembe.

Niliumia. Baada ya hapo bibi yule hakupita tena ukumbini. Akawa anapanda na kushuka kwa ngazi ya nyuma, ile ya chuma, ya nje, iliyojaa barafu, na mifuko ya dukani mikononi. Mtu wa umri wangu! Mie bado nikadhani ni kiburi cha kizungu.

Kumbe siku moja mjukuu alikutana naye chumba cha mashine za kufulia. Alipanda juu macho mekundu.

"Bibi, umemfanya nini?"

"Nimempa mkate."

"Kaniambia, mwambie bibi yako sina kitu cha yeye kwenda kuripoti. Anadhani unampeleleza! Sasa hatazungumza na mimi hata kidogo. Nimekosa mtu, nimekosa darasa, na yeye atavunjika shingo kwenye ngazi ile."

"Mie? Mpelelezi?" Nilisimama na mwiko mkononi. "Mdaku nakubali. Mpelelezi sikubali!"

Akakaa, akanieleza aliyoyasoma. Kule kwao kila jengo lilikuwa na mtu wake wa kujua nani kaingia, nani katoka, nani kalaza mgeni. Na mtu huyo si lazima awe na bunduki. Anaweza kuwa mama mmoja mwenye tabasamu, anakaa chini karibu na mlango, anakuuliza unakwenda wapi.

Hapo niliuweka mwiko chini. Maana mie jambo hilo nalijua. Baada ya mapinduzi na sisi tuliishi kwenye majumba ya ghorofa, tena yaliyojengwa na Wajerumani hao hao wa Mashariki. Tulikuwa na balozi wetu wa nyumba kumi. Ukipata mgeni wa kulala, balozi ajue. Ukipika pilau wakati watu wako kwenye foleni ya mchele, balozi atanusa. Mume wangu alikuwa akifunga dirisha kabla ya kusema neno juu ya bei ya sukari. Yote hayo niliyapitia, na bado nilikwenda kukaa na kiti changu karibu na mlango wa watu. Kwangu mie balozi ni balozi na salamu ni salamu. Yeye hizo mbili aliletewa kwenye sahani moja.

Nikavaa kanga yangu, nikenda kumgongea. Akafungua, mnyororo haukutoka. Nikaona jicho moja na nusu ya pua.

Sikumuuliza hali. Nikasema, kwa Kingereza changu kile kile: "Mimi natoka dukani. Nimenunua mchele na kuku. Binti yangu yuko kazini, mgongo unamuuma. Mume wangu alioa mke wa pili, nikamwachia na masufuria. Jino langu hili bovu. Kesho nakwenda posta. Jana kaja shangazi yake mkwe wangu, kakaa mpaka nimechoka, kala sambusa zote."

Jicho likanitazama.

"Kwa nini unaniambia haya?"

"Ili ukaniripoti," nikasema. "Wewe yako sitaki. Shika yangu."

Akafunga mlango. Nikarudi, nikamwambia mjukuu nimejaribu, basi.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye kiti changu, safari hii nimekigeuza, kinatazama ukuta. Nikasikia viatu vinashuka ngazi ya ndani. Vikasimama nyuma yangu.

"Leo," akasema, kama mtu anayeweka sarafu mezani, "nakwenda kwa daktari wa macho."

Wallahi ulimi uliniwasha. Macho yana nini? Daktari yupi? Nani anakupeleka? Nikameza mate. "Haya," nikasema. "Barafu nyingi. Pita polepole."

Sahani nikapeleka tena. Ikarudi na keki ya matofaa, nzito, ya moto. Akaileta mwenyewe, akaingia, akakaa. Nilipomwambia nimeishi kwenye majumba waliyoyajenga watu wa kwao, kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeuliza habari za kwangu: "Jiko dogo?"

"Kinu hakiingii!"

"Na ngazi za saruji, maji hayafiki juu?"

"Ndoo kichwani mpaka juu!"

Akacheka. Meno yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Mjukuu hakugusa kalamu siku hiyo, na hilo nilimsifu. Kalamu ilikuja baadaye, bibi yule mwenyewe alipomwambia leta. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Rafiki yake mmoja alikuwa akija kila Jumapili, na rafiki huyo akatoroka kwenda upande wa pili. Mume alijua habari za safari hiyo akakaa kimya, na kukaa kimya kule kulikuwa ni kosa. Alifungwa. Alipotoka hakurudishwa darasani, alitiwa kwenye chumba cha makaa cha skuli ile ile, awashe moto watoto wapate joto. Na aliyewataja ni mama wa ghorofa ya chini. Alikuwa akija mlangoni kwao na kipande cha keki, anatabasamu, anauliza: yule mgeni wenu mrefu leo hakuja?

Nilitazama sahani yangu ya maua.

Alitoa sharti moja: jina lake lisiandikwe. Mwalimu naye alitaka jina, ndiyo kanuni, asije mtoto akabuni mtu. Mjukuu alizunguka na jambo hilo wiki nzima. "Bibi, nikitia herufi ya kwanza tu?"

"Yule bibi umemwambiaje?"

"Nimemwambia sitatia."

"Sasa unaniuliza mie nini?"

Akaipeleka kazi yake bila ya jina. Akaanza kwa kueleza kwa nini halimo, akaeleza na habari ya mkate na kiti changu, jambo ambalo hakuniomba ruhusa. Mwalimu alimwita mbele, akamuuliza maswali mengi, mwisho akaipokea. Darasa alilipata. Nilijisifu kwa kila mtu msikitini mpaka binti yangu akanivuta mtandio.

Na mie humu simtaji, wala jengo silitaji. Alinikuta ukumbini siku majibu yalipotoka, na mifuko yake, akasimama akisubiri. Alisubiri mpaka nikaelewa.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza.

Akatua mifuko chini, akaanza kunihadithia.