Gari Lililonyamaza ili Magnhild Aongee

Sisi wa Nordfjord tulimjua Eilert Myklebust kwa mlio kabla hatujamwona. Gari lake la dizeli lilikohoa kila lilipopanda kilima cha kanisani, na kina mama jikoni walisema, "Hao Eilert na Magnhild wanaenda zao matembezi," kisha wakaendelea kumenya viazi. Eilert alikuwa dereva wa mtambo wa kuondoa theluji barabarani tangu ujana wake. Kelele kwake ilikuwa kama hewa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Mkewe Magnhild alifunga wafa, vile vikate laini vya kuokwa kwenye chuma, na jibini ya kahawia kwenye kitambaa, akajaza kahawa katika chupa, wakashika barabara ya kando ya ghuba. Njia nzima mwanamke huyo alisimulia. Hakuna nyumba waliyoipita asiyokuwa na habari zake: hapa walilala njaa mwaka wa vita, pale bibi harusi aligoma mlangoni mpaka akavaa viatu vya mama mkwe. Eilert aliitikia kwa kichwa na kusema "ehee" mahali palipofaa, au alipodhani panafaa.

Kisha Magnhild akapatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Ulianza mkononi, ukashuka miguuni, na mwisho ukaishika sauti. Alisema kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Nyumbani walisikiana vizuri, kwa kuwa kulikuwa kimya. Ndani ya gari, midomo yake ilicheza tu. Eilert alisema "nini?" mpaka neno lenyewe likawachosha wote wawili, na Jumapili moja ya vuli walikwenda na kurudi bila mkewe kufungua kinywa.

Alipozima mashine uani, Eilert aliuliza, "Umenikasirikia, mke wangu?"

"Hapana," akasema Magnhild. "Nimechoka kushindana na gari lako."

Juma lile Eilert alikwenda mjini Førde kutazama magari ya umeme. Alianza na la bei nafuu. Mashine yake haikulia, lakini lami yetu ina kokoto kubwa, na tairi zilinguruma mle ndani kama mto wakati wa theluji kuyeyuka. Akapanda lile la fahari, lenye vioo vya tabaka mbili na viti vya ngozi. Walipofika barabara kuu, akamwambia muuzaji aliyekaa pembeni, "Nong'ona."

"Ninong'one nini, mzee?"

"Hilo hilo limetosha. Nalichukua."

Alilinunua kwa kuuza msitu wa misonobari aliorithi kwa babake. Habari zilimfikia Asbjørn, kaka yake Magnhild, ambaye hakumwachia mtu neno. Alikuja mbio, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Shemeji, umerogwa? Umekula msitu wa wazee kwa ajili ya viti vya ngozi?"

"Kahawa utakunywa?"

"Usinizungushe! Miaka michache tu, kitu hicho kitashuka bei mpaka nusu. La bei nafuu lingekufikisha pale pale."

"Kufika nilifika siku zote," Eilert akasema. "Sukari kijiko kimoja au viwili?"

Asbjørn alikunywa kahawa, akaondoka akinung'unika kwamba wastaafu wa siku hizi wanataka kuonekana mawaziri.

Jumapili iliyofuata tuliona gari jeusi likipita kanisani kama kivuli cha wingu, na hatukumtambua mwenyewe mpaka Magnhild alipotupungia. Eilert ndiye aliyenisimulia yaliyokuwa mle ndani. Walienda kimya hadi ng'ambo ya daraja. Kisha mkewe akanyoosha kidole kinachotetemeka kwenye ukumbi wa zamani wa vijana, ulioezuliwa na upepo.

"Pale," akasema kwa sauti ile ndogo, "ndipo nilipomkanyaga Solveig mguu kwa makusudi, usiku ule wa dansi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakuja kukuomba mcheze. Akakaa chini akilia, nikaja mimi."

Eilert alipunguza mwendo. "Miaka yote hii tumeoana, hujawahi kuniambia!"

"Nimekuambia mara kumi. Ulikuwa na dizeli masikioni."

Walicheka mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya barabara. Toka siku hiyo walianza upya na barabara zote za ujana wao, na mengi Eilert aliyasikia kama mgeni. Walipata majira mawili ya kiangazi ya namna hiyo. Katika ya pili ilimbidi Eilert amwegemee ili amsikie, hata ndani ya ule ukimya. Magnhild alifariki theluji ya mwisho ilipokuwa bado kwenye vilele.

Baada ya mazishi Asbjørn alirudi. Bei ilikuwa imeanguka kweli, kama alivyosema.

"Liuze, shemeji. Mwakani hata hiyo hutaipata."

"Twende kwanza unichagulie maua ya kaburini," Eilert akamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza Asbjørn kuketi ndani ya gari lile. Alikagua viti, akaguna, akasema yote hayo ni mbwembwe. Walipopita shamba walikozaliwa yeye na dada yake, akaacha mambo ya viti. Ghala jekundu la nyasi bado lilikuwa limesimama.

"Alianguka kutoka dari la lile ghala," akasema taratibu, akitazama nje. "Magnhild. Nyasi zilimpokea. Nikadhani amekufa, nikalia, kumbe anajizuia kucheka."

Eilert hakusema "ehee." Alisubiri.

Walipofika penye kivuko, feri ilikuwa imefungua mdomo na mpangaji magari akawaashiria waingie. Eilert alitoa mkono dirishani, akampa ishara awapishe wengine kwanza. Asbjørn alikuwa bado anasimulia.