Bawa Juu ya Cherehani

Jina lake la kuzaliwa alilijua mumewe na karani aliyewafungisha ndoa. Wengine wote walimwita Mama Upepo, na wala hakuchukia. Jina hilo lilianzia kwenye kibanda cha baba yake cha kuziba pancha, alikokulia akisukuma pampu huku wenzake wakiruka kamba. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, ulimi usio na breki. Ukimpelekea tairi ulilolichana kwa uzembe wako alikuzibia, lakini kabla ya hapo alikusema mpaka ukatamani ungerudi nyumbani kwa miguu.

Makumbusho ya ndege za vita yalipofunguliwa nje ya mji, walimwajiri ahudumie magurudumu. Ndege zilipangwa uwanjani safu moja, rangi zinang'aa, na wageni walikuja kupiga picha na kuuliza ipi iliangusha mabomu mengi zaidi. Mama Upepo hakuwa na habari na mabomu. Yeye alitazama chini. Ndege isiyoruka, alikuwa akisema, huanza kuugua miguu: tairi likikandamizwa upande uleule miezi na miezi linapata bapa, mpira unapasuka, na siku moja rimu inakaa kwenye udongo isitoke tena. Dawa yake ni ndogo tu. Kila Jumamosi asubuhi unaisukuma kidogo, ili tairi likalie upande mwingine.

Kisha makumbusho yakafungwa. Mwenye nayo alizeeka, watoto wake hawakutaka hata kusikia habari za vyuma chakavu, mabati ya ukumbi yakayeyuka moja baada ya jingine pasipo mtu kujua yalikwenda wapi. Wafanyakazi wakatawanyika. Mama Upepo na mumewe, fundi cherehani mwenye macho ya upole na masikio makubwa, walibaki katika chumba chao cha langoni kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaambia watoke. Ofisi iliyokabidhiwa uwanja ilijua kwamba imepata walinzi wa bure, ikanyamaza kimya.

Ndege zikaachwa juani na mvuani. Rangi ilipauka, nyasi zikapanda hadi matumboni, mijusi wakahamia kwenye viti vya marubani. Tairi moja lilipasuka, likafuata la pili, na yale makubwa Mama Upepo aliyaona yamemzidi kimo. Ikabaki moja tu iliyosimama kwa miguu yake: ndege ndogo ya propela moja, mabawa yake juu ya paa la rubani, ambayo zamani ilibeba majeruhi. Matairi yake aliyamudu. Aliyatia mipira ya ndani ya tela la trekta, viraka juu ya viraka, na kila Jumamosi akaendelea kuisukuma kama vile mshahara bado unaingia.

Wasukumaji wake walikuwa wateja wa mumewe. Mtu alikuja kuchukua suruali, akajikuta ameegemezwa kwenye nguzo ya bawa kabla suruali hajaiona. Kanuni ilikuwa wiki hii mbele, wiki ijayo nyuma, ndege irudi ilipotoka. Ila binadamu wanapenda kusukuma mbele. Kurudisha nyuma kunamkata mtu maini, anaona jasho lake la wiki iliyopita limekwenda bure. Mama Upepo aliwagombeza, wakacheka, wakasukuma mbele. Basi ndege ikatoka kwenye safu yake. Ikajongea na kujongea, masika yakaja yakapita, hadi asubuhi moja fundi alipofungua mlango wa chumba akakuta bawa limemwekea kivuli kizingitini.

Alilitazama kwa muda, mswaki mdomoni. Kisha akarudi ndani, akaibeba cherehani yake, akaiweka chini ya bawa, akaanza kushona.

Maisha yao yakanoga kuanzia hapo. Chumbani kulikuwa na joto na giza, lakini hapa mteja alipimwa kiuno huku akipungwa na hewa safi, na nguo zilizokamilika zilining'inia kwenye nguzo ya bawa zikionekana tangu barabarani. Mama Upepo naye akahamishia benchi lake la pancha chini ya bawa la pili. Kutwa nzima wakawa wanatupiana maneno juu ya pua ya ndege, mke akimtania mumewe kwamba anashona polepole hadi wateja wananenepa kabla nguo hazijaisha, naye mume akijibu kwamba heri nguo inayoweza kuachiwa kidogo kiunoni kuliko matairi ya mkewe, yenye viraka vingi kuliko mpira wenyewe. Kwa kuwa sasa mbele kulikuwa na ukuta wa nyumba yao, watu walikubali hatimaye kusukuma nyuma pia. Walikuwa na raha, wala sioni haya kulisema. Wapo wenye majumba ambao hawajawahi kuketi mahali wakaridhika kama wale wawili.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo cha ufundi, ruhusa ya ofisi mkononi. Alitaka ndege moja ya wanafunzi wake kufungua na kufunga. Hakuwa na winchi, alikuwa na trekta tu la kuvutia, kwa hiyo angechukua ile inayoweza kutembea. Aliikagua safu yote, akarudi magoti yamejaa udongo na uso umesinyaa. Akasimama mbele ya cherehani.

"Na hii inatembea?"

Fundi akadakia, "Imechoka hiyo, mwalimu. Ni mzee mwenzangu."

Mwalimu akachuchumaa, akalipapasa tairi kwa kiganja, akatafuta bapa asilione. Akaegemeza bega kwenye nguzo. Ndege ikasogea bila kulalamika, na jua likaiangukia cherehani.

"Nani anayatunza matairi haya?"

"Mimi," Mama Upepo akasema, kichwa kikamvimba kabla hajawahi kukizuia.

"Hongera, mama. Kweli hongera. Wanangu wanasomea injini ubaoni, hawajapata kuishika hata moja. Alhamisi nitakuja na trekta."

Mwalimu alipoondoka, fundi alishona mshono mzima hadi mwisho. Kisha akasema, "Toa upepo."

"Nini?"

"Matairi yote mawili. Ikae chini hizi siku mbili. Akija ataiona imekaa, ataenda zake."

"Na hao wanafunzi?"

"Wana maisha mbele yao. Mimi nina hili bawa." Akauondoa mguu kwenye kanyagio. "Binti yetu wa kwanza ameondoka, wa pili naye ameondoka, makumbusho yenyewe yamekufa. Nimechoka kuaga, mke wangu. Ni hilo tu."

Fundi hakuwa mtu wa kuomba. Tangu waoane alikula alichopakuliwa na kulala upande alioachiwa.

Jumatano mchana fundi aliaga anakwenda kununua uzi, na uzi alikuwa nao tele. Mama Upepo akaelewa. Akachuchumaa penye tairi la kushoto, akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa ukucha. Upepo ukaanza kutoka, wa moto, unanuka mpira. Alikuwa ametoa upepo kwenye matairi mengi mno maishani, lakini kila mara ilikuwa ili azibe. Kulilaza tairi zima makusudi, hilo hakuwahi. Bawa likaanza kuinama upande wake. Machozi yakamtoka, akaona haya mbele ya tairi, jambo ambalo hata yeye aliliona la kuchekesha.

Fundi aliporudi alimkuta ameinamia pampu, jasho linamchuruzika.

"Nimejaribu, Fundi," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeshindwa. Nisamehe."

Fundi alisimama pale na uzi wake asiouhitaji. Akautazama mgongo wa mkewe ukipanda na kushuka. Hatimaye akauweka uzi juu ya cherehani, akakunja mikono ya shati.

"Lete hapa," akasema. "Umechoka."

Akasukuma pampu hadi alipoambiwa inatosha.

Alhamisi trekta likaja na wanafunzi waliovaa ovaroli mpya, wakishika kila kitu kwa ncha za vidole kama watu wanaoogopa kuunguzwa. Fundi aliondoa cherehani mwenyewe, kisha akaenda mkiani kusukuma. Mama Upepo alifuatana na gurudumu hadi kwenye lami, akimweleza binti mmoja mwanafunzi habari za kuisukuma kila Jumamosi, na binti akaitikia kwa adabu. Ndege ikakunja kona, vumbi likatulia.

Waliporudi, mlangoni palikuwa peupe mno. Fundi alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, jua likampiga machoni, akajaribu tena. Mama Upepo akainuka. Alichukua jeki, sepetu na pampu, akaenda hadi kwenye safu, kwenye ndege ya propela mbili yenye mabawa marefu ya juu, iliyozama hadi kwenye rimu. Akaanza kuondoa udongo gurudumuni.

Baada ya kitambo fundi akaja, kofia kichwani.

"Unafanya nini?"

"Hii ina bawa pana kuliko lile."

"Matairi je?"

"Nitatafuta ya trekta, niyalazimishe."

"Hii haisukumwi na wateja watatu, Mama Upepo."

"Basi shona haraka."

Fundi akageuka, akapima kwa macho kutoka pale hadi mlangoni kwao. Palikuwa mbali. "Na ikishafika, na ikishatembea vizuri," akasema, "yule mwalimu atakuja kuichukua na hii."

"Atakuja," Mama Upepo akasema. "Shika jeki."