Taifodi ya Mwalimu Mkuu

Katika vilima vyetu, kuanzia Kisii mjini hadi ng'ambo ya Nyamira, mtu haendi kwa daktari kuuliza anaumwa nini. Hilo ameshaliamua nyumbani. Anakwenda kuomba kibali. "Daktari, nina taifodi," anasema kabla hajaketi, "naomba tu sindano." Ukimwuliza amejuaje, anakutazama kwa huruma, kama mtu aliyepeleka suruali kwa fundi cherehani akaulizwa amejuaje kwamba imechanika.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu kwenye kliniki ndogo pale Kebirigo, juu ya duka la mbolea na dawa za ng'ombe. Mimi ni mzaliwa wa Kisii mjini, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa, tuliosema Kiswahili mezani na Ekegusii dukani. Nilisomea udaktari wa familia, tawi la tiba ambalo mama yangu anaamini mpaka leo kwamba ni la kupatanisha wanandoa. Pale kliniki nilikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyewazalisha nusu ya wanawake wa soko lile. Kila mtu alimwita Sista, hata waliomzidi umri.

Siku moja ya soko akaja mwalimu mkuu mstaafu pamoja na mkewe. Alivaa suti ya kahawia, na mfukoni alichomeka kalamu tatu, mbili za buluu na moja nyekundu. Mkewe alimfuata nyuma amebeba mkoba. Mwalimu alinitazama, akatazama kiti changu, akanitazama tena.

"Sista, mwambie daktari tumefika."

"Daktari ni mimi, Mwalimu."

Alimgeukia Sista wa kweli ili apate uhakika. Sista akaitikia kwa kichwa.

"Basi," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imeanza kunyesha. "Tuendelee."

Akafungua daftari. Alikuwa amechora mistari kwa rula: taifodi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, zote za mwaka ule mmoja, zote zimetibiwa na kijana wa duka la dawa kando ya soko. Katika safu ya dalili aliandika kwa mwandiko mzuri ajabu: uchovu, kiu, kukojoa mno, macho kuona ukungu, kukonda. Chini yake alikuwa amehitimisha kwa kalamu nyekundu, "Taifodi sugu", akapiga mistari miwili.

"Maji anakunywa kama ng'ombe," mkewe alisema.

"Mama, daktari hajakuuliza."

"Nilikuwa nataka kumwuliza," nikasema.

Sista alimtoboa kidole. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaonyesha kumi na tisa nukta mbili. Nilimweleza polepole kwamba hiyo haikuwa taifodi na huenda haikuwahi kuwa taifodi hata mara moja. Ilikuwa sukari. Tungepima figo, tungetazama macho na nyayo, angeanza vidonge, na tungezungumza juu ya chakula.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonipa matumaini ya uongo.

"Mashine hii," aliuliza, "imesahihishwa na nani?"

Nikamwambia tunaikagua kila wiki. Akaomba mtihani urudiwe. Tukamnawisha mikono tena, tukatoboa kidole kingine. Kumi na tisa nukta nne.

"Umeona?" akasema kwa ushindi. "Imebadilika. Haijui inachosema."

Miaka yangu michache ya kazi ilikuwa imenifundisha kwamba mgonjwa hubishana na matokeo, mwishowe huchoka mwenyewe. Ilikuwa bado haijanifundisha kunyamaza. Nilinyoosha kidole changu, nikamwambia Sista anitoboe mimi, Mwalimu apate kuona jinsi mashine inavyompima mtu mzima wa afya. Tano nukta moja. Nikamwonyesha. Akakubali kwa shingo upande, halafu akaelekeza kalamu kwenye mashine ya presha.

"Na hiyo nayo? Nayo mnaikagua?"

Nikakunja mkono wa gauni kwa madaha. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Kila siku niliwahubiria watu kuhusu chumvi na mazoezi, kwa sauti ambayo dada zangu huiita sauti ya redio. Sista akanifunga kitambaa mkononi, kikajaa upepo, kikanywea. Akatazama namba. Akafunga tena. Akahamia mkono wa pili.

"Sista, soma kwa sauti," Mwalimu akaamuru.

"Mia moja sabini na mbili," Sista akasoma, "chini mia moja na sita."

Sijawahi kuona mgonjwa aliyepata nafuu haraka kiasi kile. Mwalimu alikaa wima. Akachomoa kalamu nyekundu.

"Daktari, unakula chumvi?"

Nami, mbele ya mashahidi wawili, nikatoa kila udhuru niliowahi kuukataa kwa wengine. Nilisema nimepanda ngazi. Nilisema sikulala vizuri. Nilisema kitambaa kilikuwa kidogo. Nilipomaliza hizo nikasema, Mungu anisamehe, "Lakini mbona sijisikii mgonjwa?"

Mkewe akacheka mpaka akaweka mkoba chini. "Hata huyu mzee husema hivyo hivyo!"

Mwalimu alichukua vidonge vyake kwa adabu, akatia sahihi mahali ambapo hakuna aliyemwomba sahihi, akashuka ngazi. Kufikia saa nane mchana soko lote la Kebirigo lilijua kwamba daktari ni mgonjwa. Wiki iliyofuata sikutibu mtu kabla ya kupewa pole. Muuza ndizi aliniletea vitunguu saumu. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kikohozi alinifunza kuchemsha majani ya parachichi. Kijana wa duka la dawa alimtuma mtu aniambie kwamba, kwa maoni yake, ilikuwa taifodi.

Sista alinipima siku tatu mfululizo, asubuhi, nikiwa nimetulia. Namba hazikuteremka. Akaniwekea vidonge mezani. Nikavitia kwenye droo, pamoja na chaja mbovu na kadi za harusi zilizopita, nikajiambia nitaanza Jumatatu. Jumatatu zikapita tatu. Nyumbani mama alipika pilau, nami nikamwagia kachumbari yenye chumvi kama kawaida. Sikumwambia. Miaka ya nyuma baba yangu alianguka ndani ya duka, mita ya kupimia kitambaa ikiwa bado mkononi, akaishi miezi minne upande mmoja wa mwili umekufa. Ilikuwa presha. Nilijua kila kitu kuhusu ugonjwa ule, na huenda ndiyo sababu sikutaka kuufungulia mlango.

Wiki ya nne mke wa Mwalimu akaja peke yake.

"Daktari, huyu mzee anakataa dawa. Anaficha kwa mfuko ya koti. Nimehesabu, zote ziko."

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ukianza, na yeye ataanza." Akanitazama machoni. "Umeanza?"

Sista, aliyekuwa akipanga bendeji, aligeuka ukutani akaendelea kuzipanga zilizokwisha pangika.

Mama yule hakunigombeza. Alinialika tu kwake Jumamosi, akaniambia nije na dawa zangu.

Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, majani chai juu na migomba chini. Waliniandalia kama waziri. Kwa ajili yangu walimwita Mwislamu mwenye duka la viatu sokoni apande mlima aje kumchinja kuku, na kwa heshima walimbakiza mezani. Palikuwa na ugali wa wimbi, chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolala kwenye maziwa, na chai tamu kiasi cha kusimamisha kijiko. Palikuwa pia na soda mbili, moja yangu na moja ya Mwalimu. Nilipoitazama soda yake alijitetea kwamba mgeni haachwi anywe peke yake.

Mkewe aliziondoa zote mbili. Akaleta bilauri mbili za maji, akaziweka mbele yetu, akasimama.

"Mezeni."

"Mama, si mbele ya wageni," Mwalimu akasema.

"Wewe ulisimamia mtihani miaka yote. Leo nasimamia mimi."

Mwenye duka la viatu akaona heri ainamie kuku wake.

Mwalimu hakugusa kidonge. Alikigeuza kiganjani, akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, ndogo, isiyo na darasa ndani yake. Alisema alikuwa na kaka. Kaka yake aliambiwa ana sukari. Kwanza wakakata kidole cha mguu, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka chooni.

"Taifodi ni ugonjwa wa heshima," aliniambia. "Inakuja, unachomwa sindano, inakwenda. Hii yenu haiendi. Mtu akikubali jina lake tu, imeshakaa."

Ile sauti ya redio niliiacha kliniki. Nikamwambia juu ya baba yangu na ile mita ya vitambaa. Nikamwambia vidonge vyangu vilikuwa kwenye droo tangu siku ile aliponiuliza kuhusu chumvi, na kwamba niliogopa. Nikamwambia kwamba tiba ya kaka yake ilichelewa, na yake yeye haijachelewa bado, ila nyayo lazima nizione leo.

Akavuta bilauri yake karibu. "Binti yangu," akasema, "hata madaktari mnadanganya."

Akameza. Nikameza. Mkewe akatuambia tufungue midomo, wote wawili, tukafungua.

Kisha Mwalimu alivua soksi pale pale sebuleni, nami nikapiga magoti nikamkagua vidole kimoja kimoja. Kulikuwa na lengelenge dogo kisiginoni ambalo yeye hakulihisi. Lilichukua wiki sita kupona, kwa Sista kulisafisha na kumkataza viatu vya ngozi. Sukari ilishuka polepole, ikapanda wakati wa Krismasi, ikashuka tena. Ukungu wa macho ulipungua, haukuisha. Mguu anao. Presha yangu ilitii baada ya dawa ya pili kuongezwa, na mama yangu, nilipomwambia hatimaye, alilia, kisha akalaumu udaktari.

Mwalimu sasa ana daftari jipya lenye safu mbili, yake na yangu. Kila mwezi anadai namba zangu kabla ya kutoa zake, na mara moja aliniandikia "Umezembea" kwa wino mwekundu, nami nilistahili.

Ziara moja, tulipokwisha kupimana na kusutana, Sista alimshika mkono mke wa Mwalimu aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake. Akamkalisha kwenye kiti. Miezi yote ile mama yule alikuwa akipanda ngazi zetu, na mimi, daktari wa familia, sikuwa nimewahi kumpima hata joto.

Presha ilikuwa safi kabisa. Sukari safi. Mwalimu alitazama namba zile kwa wivu wa wazi.

"Mimi naumwa magoti," mama akasema. "Yananiuma tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Mlikuwa na kazi nyingi, nyinyi wawili."

Nikavuta kiti changu karibu, nikamwomba apandishe leso, nikaanza na goti la kulia.